Joto la Dodoma linakula pesa kiasi gani? Kila mtu aandike la upande wake

FundiJamvi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Nimeamua kuliandika hili hapa maana mtaani tukilianzisha linaishia kwenye "leo jua kali aisee" halafu kila mtu anaendelea na yake. Mimi ni fundi ujenzi, napiga kazi upande wa Ihumwa na Mtumba, na kwa sisi tunaoshinda juani hili joto ni suala la hela, hela inayotoka kidogo kidogo kila siku na hakuna anayeiandika popote.

Nianze na kazi yenyewe. Fundi wa tofali huku kwetu mara nyingi analipwa kwa tofali aliyolaza, halipwi kwa siku. Mwezi wa sita na wa saba, kile kibaridi cha Dodoma, fundi mzuri anajenga asubuhi mpaka jioni hana habari. Sasa subiri mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua haijashuka, saa tano tu mikono imeshakuwa mizito, saa sita tofali iliyoshinda juani ukiishika inakuchoma kiganja, kwa hiyo kuanzia hapo mpaka saa tisa watu wamejibanza ukutani wanahama na kivuli. Hakuna aliyemkata mtu hela, bosi wala hana ubaya, ila jioni akihesabu tofali zake zimepungua na hela ya kupeleka nyumbani imepungua hivyo hivyo. Saidia fundi yeye analipwa kwa kutwa, tuseme elfu 15, huyo hasara yake inamwangukia mwenye nyumba maana kazi ya wiki moja inakwenda wiki na siku kadhaa. Na mwenye nyumba haoni joto hapo, anaona mafundi wavivu, ugomvi mwingi wa site unaanzia hapo hapo.

Halafu kuna zege, na hili naomba wote mnaojenga Dodoma mlisome taratibu. Simenti inakaza kwa kufanya kazi na maji, kwa hiyo zege likinyimwa maji siku za mwanzo nguvu yake haitimii hata ungeweka mifuko mingapi. Sasa kwetu kuanzia mwezi wa tisa hewa ni kavu, jua linapiga na upepo haulali. Ukimwaga jamvi (zege la sakafu) saa saba mchana yale maji ya juu yanaondoka kabla simenti haijashika, unamaliza kusawazisha upande huu ukigeuka unakuta kule ulikoanzia kuna nyufa nyembamba zimeshajichora. Na kwenye karai nako, wapiga zege wakiona linaanza kuwa gumu wanaongeza maji lilainike, wao wanataka wamalize waondoke na hela yao siwalaumu, ila hayo maji ya kuongezea ndo yanayoliua. Dawa inajulikana na mafundi wote: piga zege alfajiri au jioni, kokoto zimwagie maji kwanza zipoe, ukimaliza funika kwa magunia yaliyolowa au mwaga mchanga juu kisha mwagilia siku 7 angalau. Lakini siku 7 hizo ni maji, na huku pembezoni maji tunanunua kwa dumu kwa wasukuma mikokoteni, na kipindi cha joto ndo dumu linapanda bei. Mwenye nyumba akipiga hesabu anasema jamani mwagilieni asubuhi tu inatosha. Nyumba inapata ufa kabla hajahamia. Tunasema fundi kalipua, wakati mara nyingine fundi hakulipua kitu.

Hayo ni ya kwangu. Naomba wengine, hasa wafanyabiashara wadogo, wafugaji, wakulima, mwandike ya kwenu, nataka tuone jumla yake inafikia wapi.

MamaLishe_Nzuguni

Kaka Fundi umeongea. Mimi nalisha mafundi kama nyie, na ninachokiona ni kwamba mtu akishinda na joto hali chakula. Anakuja mchana anaagiza maji, anaagiza soda ya baridi, sahani ya wali anaiacha nusu au anasema nifungie nitakula jioni. Mimi nilishapika kwa idadi yenu. Wali ukibaki mpaka jioni unaweza kuusogeza, lakini maharage ya nazi kipindi hiki saa kumi yameshaanza kutoa povu. Nyanya ndo zinaniumiza zaidi, zamani nilikuwa nachukua tenga zima pale Majengo inanisogeza siku kadhaa, sasa hivi zile za chini zinaanza kuvuja kesho yake tu kwa hiyo nanunua kidogo kidogo kila siku kwa bei ya rejareja na nauli juu. Maziwa niliacha kabisa kuuza.

Nikasema ninunue friji la mtumba niuze maji ya baridi nifidie. Maji kweli yanauzika, ila LUKU sasa, hapo ndo sielewi, nilikuwa nanunua umeme wa kiasi kilekile unakaa, ghafla hela ile ile inaleta uniti chache sana. Nikajua nimeibiwa.

FundiUmeme_Kizota

Dada MamaLishe hujaibiwa, umehamishwa tarifa, yaani kundi la bei ya umeme. Iko hivi, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato, ukizidi hizo 75 zile za juu ni shilingi 350, na ukiendelea kuzidi mwezi hadi mwezi unaingizwa kwenye tarifa ya kawaida ambayo uniti moja ni 292. Ni karibu mara tatu. Kwa hiyo joto linampiga mtu mara mbili, kwanza anatumia umeme mwingi, pili ule umeme wote hata wa taa anaulipia bei ya juu.

Chukua mfano feni ya kawaida ya wati 60, ukilala nayo masaa 10 ni uniti 0.6, kwa mwezi uniti 18. Feni mbili 36. Weka na friji la mtumba ambalo mpira wa mlango umechoka, kwenye chumba cha bati lisilo na siling ile mashine yake haizimi mchana kutwa, hapo 75 umeshazivuka hata pasi hujapiga. Kiyoyozi sikizungumzii, hicho cha chumba kinavuta kama kilowati 1 kikiwa kinapuliza, masaa machache tu kwa siku yanamaliza uniti za mwezi wa mtu mdogo ndani ya wiki kadhaa.

Ushauri wangu badili ule mpira wa mlango, sogeza friji mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, usiweke sufuria ya moto ndani. Omba pia urudishwe tarifa ya chini matumizi yakishuka, watu wengi hawajui kama inawezekana.

Mgogo_Asilia

Mimi niwaulize, nyinyi wengi mmekuja na serikali ilipohamia hapa kuanzia 2016 huko. Dodoma jua lilikuwepo. Hii ni nchi kame, mvua ni msimu mmoja tu, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, na mwaka mbaya hata hiyo haifiki. Wazee wetu walituhadithia njaa ya Mtunya ya kule 1918 mpaka 1920, watu waliuza kila kitu, wakafa njiani. Kwa hiyo kusema joto ni jambo jipya hapana, nakataa.

Ila niwaambie kitu ambacho nakiona kweli kimebadilika. Kwanza ni usiku. Huku kwetu mchana uchome utakavyo, usiku unajifunika. Hilo ndo lilikuwa linatusaidia, mtu anapumzika. Sasa hivi pale mjini mwezi wa kumi na moja unafika saa sita usiku ukuta bado una moto. Pili ni miti, sehemu za Ipagala, Ilazo na kule Iyumbu nilichunga ng'ombe mimi, kulikuwa na mikungugu na mibuyu. Watu wanapewa kiwanja wanaanza kung'oa kila kitu mpaka kisiki ndo wanaita kusafisha kiwanja.

Tatu ni nyumba. Tembe letu mnalicheka, lile paa la magogo na udongo juu yake, ukuta mnene, dirisha dogo. Ingia ndani saa nane mchana uone. Udongo ule mnene joto linachelewa kupenya, linapofika ndani jua limeshazama. Sisemi turudi kwenye tembe, lilikuwa na shida zake, mvua ikizidi linavuja, wadudu wapo, moshi haupati pa kutokea. Nasema waliolijenga walikuwa wanaijua hii nchi na sisi tunaojenga leo tunajenga kama tuko Lushoto kwenye baridi.

FundiJamvi

Mzee Mgogo_Asilia shikamoo. Nakubaliana na wewe kwa hilo la nyumba kwa asilimia zote na nitaongezea kama fundi. Kipimajoto cha kivulini hapa Dodoma mwezi wa kumi na moja wastani wa mchana ni nyuzi 31 hivi, siku kali inapita 33. Kwenye karatasi ni mji wa kawaida tu, Dar watu watatucheka. Lakini hakuna anayeishi ndani ya kipimajoto. Mtu anaishi chini ya bati tupu, geji nyembamba, kenchi chini chini kwa sababu mbao ni ghali, hakuna siling, hakuna tundu la kutolea hewa kwenye kipembe cha paa. Lile bati linapigwa na jua linageuka kuwa jiko lililo juu ya kichwa chako na familia.

Na wateja wangu nawajua, hela ikianza kuisha kitu cha kwanza kukatwa ni siling. "Fundi siling tutaweka baadaye tukishahamia." Baadaye haifiki. Ila geti la mbele na vigae vya baraza havikatwi. Nawaomba sana, geuzeni huo mpangilio. Siling hata ya kawaida, bati la rangi ya mwanga badala ya lile jekundu iliyokolea au jeusi, madirisha yanayotazamana upepo upite, baraza upande wa magharibi likinge ukuta jua la jioni. Hayo yote hayafikii bei ya geti.

Ila mzee kwamba hakuna jipya, hapo naomba nikatae kwa heshima. Mwalimu yeyote aliyeko humu atusaidie takwimu.

Mwl_Sayansi

Nipo mkuu. Mwaka 2024 ndo ulikuwa wa joto zaidi tangu joto la dunia lianze kupimwa, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa wastani wa nyuzi 1.55 juu ya ile ya miaka ya 1850 mpaka 1900, na 2023 ndo ilikuwa imeshika rekodi kabla yake. Mtu anaweza kuona nyuzi moja na nusu ni kitu gani, lakini wastani ukipanda kidogo zile siku za ukali kupita kiasi zinaongezeka sana, na mji kama wetu uliotoka kuwa mdogo ukajaa lami na zege unajiongezea la kwake. Mkoa huu sensa ya 2012 ulikuwa na watu milioni 2 na kidogo, ya 2022 umepita milioni 3. Kwa hiyo mzee yuko sahihi kuhusu usiku, lami na zege vinakunywa joto mchana vinalitema usiku.

Na ile ya fundi ya masaa kupotea, ILO yaani Shirika la Kazi Duniani walishaipigia hesabu mwaka 2019, walikadiria ifikapo 2030 asilimia 2.2 ya masaa yote ya kazi duniani yatakuwa yanapotea kwa sababu ya joto, ni sawa na ajira milioni 80 za muda wote. Asilimia 60 ya masaa hayo ni ya wakulima na 19 ni ya wajenzi. Kwa hiyo mkulima wa Bahi na fundi wa Ihumwa ndo wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo.

La kwangu sasa. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika mwezi wa kumi na moja. Yani mtoto wa Dodoma anafanya mtihani wa maisha yake kwenye mwezi wa joto kuliko yote, wengine kwenye darasa la bati lisilo na siling, karatasi ya mchana inaanza saa nane. Nimesimamia vyumba vya namna hiyo, mtoto anafuta jasho kwa mkono wa shati ili lisidondokee kwenye majibu, mwingine amelaza shavu kwenye dawati lenye ubaridi kidogo. Tunakuja kulinganisha matokeo ya mikoa na shule kana kwamba wote walikaa chumba kimoja. Mimi hili linaniuma na siwezi kulizoea.

Mfugaji_wa_Mayai

Naingia upande wa kuku maana hapa nimepoteza hela nyingi. Kuku hana jasho, anapoza mwili kwa kuhema. Ukiingia bandani saa nane unakuta wote midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili, banda lipo kimya. Wakifika hapo chakula hawali, wanakunywa maji tu, mayai yanashuka. Na yale wanayotaga maganda yanakuwa laini. Daktari wa mifugo alinieleza sababu, kuku akihema sana anatoa hewa ya ukaa nyingi mwilini na hiyo ndo inayotumika kutengenezea ganda pamoja na kalsiamu, kwa hiyo hata ukimlisha chokaa ya chakula kiasi gani ganda linatoka jembamba. Kwenye trei la mayai 30 ukikuta mawili matatu yamepasuka kabla hujafika sokoni faida yote imeishia hapo.

Wa nyama ndo balaa. Wakikaribia kuuzwa, ile wiki ya mwisho wakiwa wazito, ndo wanaokufa kwanza kwa sababu mwili mkubwa unazalisha joto jingi. Umewalisha wiki zote hizo, unawakuta chini.

Kilichonisaidia mimi: chakula natoa alfajiri na jioni tu, mchana natoa vyombo kabisa maana kusaga chakula nako kunaongeza joto mwilini. Maji nabadilisha mara kwa mara na tanki nimelizungushia magunia, bati nimelipaka chokaa nyeupe juu. Pia nimepunguza idadi, banda lile lile kuku wachache. Kwa hiyo ukiona trei la mayai limepanda mwezi wa kumi na moja usidhani sisi tunajipangia tu.

Kijana_wa_Jamatini

Boda naongeza fupi. Saa sita mpaka saa tisa hakuna abiria, watu wamejifungia ofisini na majumbani. Hesabu ya bosi haijui jua, jioni anataka hela yake kamili, kwa hiyo tunafidia usiku, tunalala saa chache, na usingizi barabarani mnajua unafanya nini. Kijiwe chetu kilikuwa chini ya mwarobaini, ukakatwa wakati wa kupanua barabara. Hakuna aliyepanda mwingine.

Nesi_zamu

Jamani naomba niseme mambo machache ya kiafya, mengine naona yanasahaulika.

Joto la Dodoma ni kavu. Ukiwa Dar jasho linakulowesha unajua umepoteza maji, huku jasho linakauka likitoka tu, ngozi iko kavu mtu anadhani hatoki jasho, kumbe anapoteza lita. Kwa hiyo mafundi msisubiri kiu. Angalia mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi umechelewa. Anayefanya kazi hivyo kila siku miaka na miaka anaharibu figo zake. Na mwenzenu akianza kuongea yasiyoeleweka, anayumba, mwili wa moto sana, msimwache apumzike tu kivulini mkiendelea na kazi, huyo mwili ukipita nyuzi 40 ni dharura, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, huku mnatafuta gari la kwenda hospitali.

Pili neti. Kipindi cha joto akina mama wananiambia wazi kwamba neti inabana hewa, wanaikunja juu. Au familia inahamia kulala uani. Kisha mvua zikianza na mbu wakaongezeka ile tabia imeshakolea, watoto wanaanza homa. Malaria ile inahesabiwa kama malaria, joto halitajwi.

Tatu watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji hata siku ya joto vipi, maziwa ya mama yana maji ya kutosha, mnyonyesheni mara nyingi zaidi na mama ndo anywe maji. Maji ya dumu lisilojulikana lilikotoka yanawaletea kuhara. Na wajawazito jamani msiwaache wasimame foleni za maji juani, joto kali linaongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

La mwisho wenye sukari mnaotumia insulini. Kopo ambalo halijafunguliwa linatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, lakini ile unayoitumia sasa inaweza kukaa nje wiki 4 hivi ilimradi isipate joto la juu. Kwenye nyumba ya bati bila friji tumieni mtungi wa udongo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, funika na kitambaa kibichi, weka mahali penye upepo. Hewa yetu hii kavu inayotutesa ndo inayofanya huo mtungi upoe vizuri, Tanga au Dar haufanyi kazi hivyo.

MamaLishe_Nzuguni

Dada Nesi, je mtungi huo unafaa kwa nyanya na mchicha?

Nesi_zamu

Unafaa sana, nyanya, hoho, karoti, mchicha pia. Nyama na maziwa hapana.

BwanaShamba_Mstaafu

Nimesoma yote. Mmeongea mjini, ngoja niwapeleke Kongwa, Chemba na Kondoa.

Mahindi yana siku chache za hatari, pale yanapotoa mbelewele na ndevu. Joto likipita nyuzi 35 siku hizo, tena udongo ukiwa mkavu, chavua inakufa, unavuna gunzi lenye punje za kuhesabu. Shamba linaonekana kijani mtu anakupongeza, wewe unajua hakuna kitu. Mtama na uwele vinavumilia, TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, wamefanya kazi ya mbegu za mtama miaka mingi. Lakini nielewe mkulima anayekataa mtama, siyo mbishi. Mtama unaliwa na kwelea kwelea, inabidi watoto na wanawake washinde shambani kuwinga ndege wiki nzima, na sokoni Kibaigwa mnunuzi anauliza mahindi kwanza. Na watoto wenyewe wamezoea ugali mweupe. Kwa hiyo anapanda mahindi akijua anabahatisha.

Na kuna gharama nyingine ambayo mkoa huu tumeilipa kwa maisha ya watu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, iliwapata watu 68 hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, 20 wakafariki. Ilitokana na mahindi. Yule kuvu anapenda zao lililoteseka kwa joto na ukame likiwa bado shambani, anaingia kwenye punje, halafu linapowekwa ghalani likiwa na unyevu anamalizia kazi. Kwa macho hindi linaweza kuonekana halina shida. Ndiyo maana nasema kausheni kwenye turubai, msianike chini, tenganisheni mabovu, na yale mabovu msiwape kuku wala msikobolee mkadhani mmesafisha.

Upande wa miti ninalo la matumaini. Tumepanda miche sana kwenye mikoa hii, ile kampeni ya Dodoma ya kijani ya 2017 ilikuwa na nia njema, lakini mche unahitaji maji miaka miwili mitatu ya mwanzo na maji ndo hatuna. Kinachofanya kazi vizuri ni kisiki hai. Chini ya shamba lako kuna visiki vina mizizi mirefu tayari, kila mwaka vinachipua na kila mwaka unavifyeka. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, pogoa mengine, weka alama wachunga ng'ombe wayaone. Hakuna mche wa kununua, hakuna dumu la maji, na baada ya misimu michache una kivuli. Nimeona mashamba ya Mpwapwa na Kongwa yaliyobadilika kwa njia hii. Mzee Mgogo_Asilia huyo mkungugu uliouona Iyumbu inawezekana mizizi yake bado iko hai, mwambie mwenye kiwanja asing'oe.

Raia_wa_Makole

Swali langu ni moja, kwa nini tulipe sisi? Afrika nzima haifiki asilimia 4 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto inayotoka kwa mwaka. Kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh 2022 walikubaliana kuwe na mfuko wa hasara na uharibifu wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa, Dubai 2023 ukazinduliwa. Fundi aliyepoteza masaa yake Ihumwa hiyo hela inamfikiaje? Mimi naona tukianza kuzungumza siling na mitungi tunawasaidia wakubwa wakwepe deni.

FundiJamvi

Mkuu Raia hoja yako ina uzito, na deni lipo, wenye kwenda kwenye hiyo mikutano waendelee kulidai kwa nguvu zote. Lakini hata hilo deni huwezi kulidai kama hasara haijaandikwa. Mafuriko yakija tunahesabu nyumba, ukame ukija tunahesabu ng'ombe. Joto je, nani ana daftari? Masaa ya fundi, nyanya za mama lishe, trei la mayai, mtoto wa kidato cha nne, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa popote. Mimi nimeanza kuandika kwenye daftari la site, saa watu walipoacha kazi kwa jua na saa waliporudi, na ningependa mafundi wengine wafanye hivyo hivyo kila mtu kwake. Wenyeviti wa mitaa nao wangeweza.

Ila wakati tunadai, watu wako juani leo. Kwa hiyo niseme ninachofanya kwenye makubaliano yangu na wenye nyumba, nayaandika kabisa kwenye karatasi tunasaini. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua ishuke kazi inaanza saa 12 asubuhi, tunasimama saa 5 na nusu, tunarudi saa 9 mpaka saa 12 jioni. Zege halipigwi mchana hata kama gari la kokoto limechelewa, linasubiri kesho. Maji ya kunywa site ni jukumu la mwenye nyumba, yanaingia kwenye bajeti pamoja na simenti, na maji ya kumwagilia siku 7 yananunuliwa kabla zege halijamwagwa siyo baada. Na kama kuna mti kiwanjani ambao hauko kwenye msingi, haukatwi mpaka nyumba iishe, ndo kivuli chetu cha kazi, na nyumba ikiisha wengi wenyewe wanauacha.

Wenye nyumba wengine walikataa mwanzoni wakisema masaa yamepungua. Hayajapungua, yamehama tu.

Mgogo_Asilia

Marahaba fundi. Hilo la mti limenifurahisha. Nina kiwanja changu Nala nataka kuanza msingi mwaka huu, kuna mikungugu miwili upande wa magharibi. Nitakutafuta huko kwenye ujumbe wa pembeni.

MamaLishe_Nzuguni

Sasa kaka Fundi mkisimama saa 5 na nusu mimi chakula nalenga saa 7. Mnaniharibia.

FundiJamvi

Dada hapo ndo nilikuwa nakuja. Lete saa 5 na nusu kamili, watu bado hawajachoka na joto, watakula sahani nzima. Uji wa asubuhi uwe saa 2. Saa 9 tukirudi lete matikiti na maji ya baridi, chakula kizito usilete. Tuanze jumatatu kwenye hii site yangu ya Ihumwa, tukiona inakwenda nitawaambia na mafundi wa jirani wakuwekee idadi yao mapema usiku wa jana yake.

MamaLishe_Nzuguni

Sawa, nitumie idadi ya watu jumapili jioni.